Asili ya Kishikwambi, na Hoja juu ya Mifumo Iliyo Wazi na Iliyofungwa

Mtoto wa chuoni katika miji ya pwani alikuwa na ubao wake. Aliandika juu yake kwa wino aya aliyopewa na mwalimu, akaisoma mpaka ikamkaa moyoni, kisha akauosha ubao kwa maji na kuandika nyingine. Mtoto wa shule za misheni naye alikuwa na kibao cha jiwe jeusi. Vibao hivyo vilitofautiana kwa mengi, lakini vilifanana kwa jambo moja: seremala aliyeuchonga ubao, au mfanyabiashara aliyekiuza kibao, akiisha kulipwa hakuwa na neno tena juu ya kitakachoandikwa.

Katika zama hizi kimeingia kibao cha namna nyingine. Watanzania wengi walikiona kwa karibu katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwezi wa Agosti, 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi badala ya makaratasi. Kenya ilikuwa imetangulia kufanya hivyo katika sensa yake ya Agosti, 2019. Baada ya sensa hiyo vishikwambi vya Tanzania viligawiwa walimu, na hivyo chombo kimekwisha kufika shuleni. Basi yafaa ijulikane kilitoka wapi, kilikusudiwa kwa kazi gani, na kwa nini watu wenye elimu kubwa wamebishana kwa ukali juu ya nani mwenye haki ya kukiamuru. Mabishano hayo hayakuzuka jana. Mizizi yake ni ya zaidi ya nusu karne, nayo yamefungamana na historia ya chombo chenyewe.

Kalamu na kidole

Jitihada ya kwanza ilikuwa ya kumwezesha mtu aiandikie mashine kama anavyoandika kwenye karatasi. Mwaka 1957 Bw. Tom Dimond wa maabara za Bell, Marekani, alieleza chombo kilichoitwa Stylator, ambacho kilitambua tarakimu zilizoandikwa kwa kalamu maalumu. Mwaka 1963 Bw. Ivan Sutherland, katika chuo cha MIT, alionyesha jinsi mtu awezavyo kuchora moja kwa moja juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya nuru. Mwaka wa pili yake, 1964, shirika la RAND la California lilitoa kibao chenye upana wa sentimita 25 hivi kila upande, ambacho ndani yake mlikuwa na nyaya nyembamba zenye uwezo wa kutambua ncha ya kalamu mahali zaidi ya milioni moja. Kompyuta yenyewe wakati huo ilijaza chumba kizima; kibao kilikuwa mlango tu wa kuingilia.

Kidole kilikuja kwa njia yake. Mwaka 1965 Bw. E. A. Johnson, wa kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza, aliandika maelezo mafupi juu ya kioo kinachohisi mguso, akikusudia kuwasaidia waongozaji wa ndege angani. Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Illinois kilianza kutumia mtambo wa kufundishia ulioitwa PLATO IV. Kioo chake kilitoa mwanga wa rangi ya chungwa, na mbele yake ilipita miale isiyoonekana kwa macho. Mwanafunzi alipoelekeza kidole penye jibu aliikata miale hiyo, na mashine ikajua alipogusa. Katika miaka hiyo hiyo Bw. Bent Stumpe wa CERN, karibu na Geneva, alitengeneza vioo vya mguso kwa ajili ya chumba cha kuongozea mtambo mkubwa wa SPS, ambao ulianza kazi mwaka 1976.

Katika mifano hii yote mtumiaji alikuwa mtu aliyewekwa mbele ya kazi aliyopangiwa: mwongozaji wa ndege, fundi wa mtambo, mwanafunzi mwenye kujibu maswali. Kidole kilichagua miongoni mwa yaliyokwisha kuandaliwa na mwingine. Sifa hiyo ya kidole, kwamba ni chepesi wa kuchagua na kizito wa kuandika, itarudi tena katika hoja zitakazofuata.

Kitabu cha Bw. Kay

Aliyekipa kibao maana mpya ni Bw. Alan Kay. Mwaka 1968 alikwenda kumzuru Bw. Seymour Papert huko Massachusetts, akawaona watoto wakiandika programu kwa lugha iitwayo Logo, ambayo Papert na wenziwe waliitunga mwaka 1967. Watoto wale hawakuwa wakijibu maswali ya mashine. Walikuwa wakiifundisha mashine. Kay alirudi na wazo kwamba kompyuta ifae kuwa chombo cha mtoto kufikiri, kama vile kitabu na kalamu.

Mwezi wa Agosti, 1972, akiwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, aliandika makala juu ya kompyuta binafsi kwa watoto wa umri wote. Chombo alichokiwaza alikiita Dynabook. Kingekuwa na ukubwa wa daftari, uzito usiofika kilo mbili, na bei isiyozidi dola 500. Hakikuwezekana kutengenezwa kwa ufundi wa siku zile. Badala yake wenzake wa Xerox walitengeneza mwaka 1973 mashine ya mezani iitwayo Alto, nayo ilitumiwa kama Dynabook ya muda. Na Kay pamoja na Bi. Adele Goldberg na wengineo walitunga lugha ya Smalltalk na kuwafundisha watoto kuitumia.

Hapa hapana budi kulitazama jambo kwa makini. Watu wengi waliposoma habari za Dynabook waliliona umbo: kitu chembamba, cha kubebwa, chenye kioo. Kwa Kay umbo lilikuwa dogo. Alichokitaka ni kwamba mwenye chombo aweze kufungua sehemu yoyote ya kinachotendeka ndani yake, aisome, aibadilishe, na ampe mwenzake alichokitunga. Alifananisha na elimu ya kusoma na kuandika: anayejua kusoma tu, asijue kuandika, amepata nusu ya elimu. Kwa hiyo Dynabook ilikuwa na sehemu mbili, umbo na uhuru wa kuandika. Na historia ya miaka 40 iliyofuata ni historia ya sehemu hizo kuachana.

Majaribio yaliyoshindwa

Mwaka 1989 ilitoka GRiDPad, iliyobuniwa na Bw. Jeff Hawkins, ikatumiwa na makarani na mafundi wa kujaza fomu. Mwaka 1993 kampuni ya Apple ilitoa Newton, iliyodai kusoma mwandiko wa mtu yeyote. Makosa yake katika kusoma yakawa kichekesho magazetini, na mwaka 1998 ikaachwa. Hawkins alijifunza kutokana na kasoro hiyo. Chombo chake kidogo cha mwaka 1996, kilichoitwa Pilot, hakikujaribu kuusoma mwandiko wa watu. Kiliwataka watu wajifunze mwandiko wake. Herufi karibu zote ziliandikwa kwa mkono usioinuliwa, na A ilikosa mstari wake wa kati. Wenye kushughulika na historia ya maandishi watalipenda jambo hili: mamilioni ya watu walikubali kubadili herufi zao ili mashine iwaelewe, nao hawakulalamika, kwa kuwa walipewa sharti dogo lililo wazi.

Mwaka 2001 Bw. Bill Gates wa Microsoft alitabiri kwamba katika muda wa miaka mitano kibao kingekuwa umbo la kompyuta lipendwalo kuliko yote katika Marekani, na mwezi wa Novemba, 2002, vibao vya namna hiyo vilianza kuuzwa. Utabiri haukutimia. Vibao vile vilikuwa vizito, vya ghali, na vilihitaji kalamu maalumu. Juu ya hayo, vilitumia mfumo uleule wa Windows uliotungwa kwa ajili ya kipanya, wenye vitufe vidogo visivyofaa mkono. Na tena, vilikuwa wazi kwa maana moja kubwa: mwenye navyo aliweza kuweka programu yoyote kutoka kwa mtu yeyote bila kuomba ruhusa. Hilo halikuviokoa. Wanaosema kwamba uwazi peke yake hukipa chombo ushindi yafaa waukumbuke mfano huu.

Kioo cha mwaka 2010

Ufundi uliokosekana ulitoka pembeni. Bw. Wayne Westerman, mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Delaware, alisumbuliwa na maumivu ya mikono kwa sababu ya kupiga chapa. Yeye na mwalimu wake, Bw. John Elias, walitafuta njia ya kuiamuru kompyuta kwa mguso mwepesi wa vidole vingi kwa pamoja, wakaanzisha kampuni mwaka 1998. Apple iliinunua mwaka 2005. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Juni, 2007, simu ya iPhone ikaanza kuuzwa. Kay mwenyewe amesimulia kwamba alipoonyeshwa simu hiyo alimwambia Bw. Steve Jobs akipanue kioo kifikie kiasi cha ukurasa wa kitabu, naye angetawala dunia.

Kioo hicho kilikuja. Tarehe 27 Januari, 2010, Jobs aliitangaza iPad huko San Francisco, na tarehe 3 Aprili ikaanza kuuzwa kwa dola 499. Uzito wake ulikuwa kama gramu 680. Siku ya kwanza ziliuzwa zaidi ya 300,000, na kabla ya mwaka kwisha karibu milioni 15. Kwa umbo, uzito na bei, ndoto ya mwaka 1972 ilikuwa imetimia, na hata kupitwa.

Lakini kibao hiki kilikuja na mlango mmoja. Tangu Julai, 2008, programu za iPhone zilipatikana katika duka moja tu, la Apple, na iPad ilifuata sheria hiyo. Kila programu ilikaguliwa kabla ya kuingia. Apple iliweza kuikataa. Na katika bei ya iliyouzwa ilichukua asilimia 30. Kifaa chenyewe kilikataa kuendesha programu isiyo na saini ya kampuni. Mchora katuni Mark Fiore aliikuta sheria hiyo mwezi wa Desemba, 2009, programu yake ilipokataliwa kwa kuwa ilifanyia dhihaka watu mashuhuri. Mwezi wa Aprili, 2010, alipata tuzo ya Pulitzer kwa kazi hiyohiyo ya katuni, na ndipo programu yake ikakubaliwa.

Mwezi huo huo wa Aprili likatokea jambo dogo kwa kipimo cha biashara, lakini kubwa kwa historia hii. Kikundi cha Bw. Mitchel Resnick katika MIT kilikuwa kimetoa mwaka 2007 lugha ya watoto iitwayo Scratch, mrithi wa Logo ya Papert. Nayo iliandikwa kwa mfumo wa Squeak, mjukuu wa Smalltalk ya Kay. Palikuwa na programu ya iPhone iliyowawezesha watoto kutazama kazi za Scratch zilizotungwa na wenzao. Apple iliitoa katika duka lake, kwa kuwa kanuni zilikataza programu yenye kupokea na kuendesha maagizo kutoka nje. Hivyo umbo la Dynabook lilifunga mlango mbele ya kizazi cha Dynabook yenyewe. Katika mahojiano ya mwaka 2013 Kay alilaumu kwa uwazi kwamba mtoto mwenye iPad hakuruhusiwa kupata kazi ya mtoto mwenzake aliye upande mwingine wa dunia.

Hoja za pande mbili

Waliopinga walikuwa na msemaji hodari katika mwandishi Cory Doctorow, aliyeandika mwezi huo huo sababu za kutoinunua iPad. Hoja yake ilikuwa ya umiliki: kitu usichoweza kukifungua si chako kamili. Aliwakumbusha wasomaji kwamba Apple yenyewe ilianza kwa kuuza kompyuta zilizoambatana na michoro ya nyaya zake, ili mwenye nayo aichungulie, aitengeneze na ajifunze. Msomi Jonathan Zittrain alikuwa ametangulia kuonya, katika kitabu cha mwaka 2008, kwamba watu waliochoshwa na virusi na udanganyifu wa intaneti wangekimbilia vyombo vilivyofungwa, na kwa kukimbia huko wangepoteza uwezo wa kuzua mambo ambayo hakuna aliyeyapanga.

Upande wa pili nao haukukosa hoja, wala si haki kuudharau. Mtu mzima asiyewahi kushika kompyuta aliichukua iPad na katika dakika chache akasoma, akatazama picha za wajukuu wake, akaandika barua. Hakuogopa kuiharibu. Virusi vilivyowatesa wenye kompyuta za mezani kwa miaka 20 vilipata taabu kubwa kuingia. Jobs, mwezi wa Juni, 2010, alifananisha kompyuta za kawaida na malori: wakati Marekani ilipokuwa nchi ya wakulima magari yote yalikuwa malori, kisha watu walipohamia mijini wakataka motokaa, malori yangebaki, lakini kwa watu wachache. Mfano huo ni mzuri, ila unaficha jambo. Mwenye motokaa huenda atakako kama mwenye lori. Haombi ruhusa ya kiwanda kila apitapo njia mpya.

Waliotafuta kimbilio walielekeza macho kwa Android ya Google, iliyotangazwa Novemba, 2007, kuwa mfumo wazi: maandishi yake ya asili yangetolewa kwa yeyote. Lakini mwaka 2011 Google ilipotoa toleo la kwanza lililotungwa hasa kwa vishikwambi, ilizuia maandishi hayo kwa miezi mingi, mpaka toleo lililofuata lilipotoka mwezi wa Novemba. Mwaka huo huo Amazon iliichukua Android, ikaijengea duka lake na ukuta wake, ikauza kibao cha Kindle Fire kwa dola 199. Na mwezi wa Julai, 2018, Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa kuwalazimisha watengenezaji wa simu waweke programu zake nyingine. Mahakama ikaipunguza kidogo mwaka 2022. Mlango ulikuwa wazi, lakini bawabu alikuwapo.

Maana tatu za neno "wazi"

Mabishano mengi ya miaka hiyo yalikosa mwisho kwa sababu wabishanao walitumia neno moja kwa maana mbalimbali. Kiswahili chenyewe chafunza: mlango wazi si sawa na maneno wazi, wala si sawa na kiwanja kilicho wazi. Mlango wazi huruhusu kupita. Maneno wazi hufahamika yote yaliyomo. Kiwanja kilicho wazi hungoja mtu ajenge.

Kwa kipimo hiki vyombo vyaweza kupimwa kwa haki. Vibao vya Microsoft vya mwaka 2002 vilikuwa na mlango wazi, kwa kuwa programu yoyote ilipita. Lakini maandishi yake ya asili yalikuwa siri. Android ina maneno wazi kwa sehemu kubwa, na mlango wake wafunguka kwa anayejua pa kusukuma. iPad ya mwaka 2010 haikuwa na la kwanza wala la pili. Na kiwanja cha wazi, yaani chombo kinachomkaribisha mtoto ajenge kwa lugha yake, ndicho alichokitaka Kay tangu mwanzo, nacho ndicho kilichokosekana kwa muda mrefu kuliko vyote.

Ni haki kusema kwamba kuta zimelegea. Mwezi wa Septemba, 2010, Apple ilipunguza masharti yake. Mwaka 2014 ilitoka ScratchJr, ya watoto wadogo, kwa iPad. Mwaka 2016 Apple yenyewe ikatoa programu ya kufundishia lugha yake ya Swift. Na tangu Januari, 2019, Scratch imeweza kutumika katika vishikwambi kwa njia ya kivinjari. Sheria ya Ulaya juu ya masoko ya kidijitali, iliyoanza kuzibana kampuni kubwa mwezi wa Machi, 2024, iliilazimisha Apple kuruhusu maduka mengine ya programu katika simu zake. Na kwa iPad ruhusa hiyo ilifika mwezi wa Septemba mwaka huo. Lakini ruhusa hiyo ni ya nchi za Umoja wa Ulaya. Mnunuzi wa Mombasa au Dodoma hahusiki nayo, ijapokuwa kioo anachokinunua ni kilekile.

Jambo hili na Kiswahili

Wasemao Kiswahili walikwisha kuyaonja mambo haya kabla ya iPad kuzaliwa. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa mwishoni mwa mwaka 2004 programu ya ofisi kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Watungaji wake hawakuhitaji kumshawishi mtu yeyote ng'ambo kwamba Kiswahili kina faida sokoni. Maandishi ya asili yalikuwa wazi, leseni iliruhusu, nao wakachukua, wakatafsiri, wakatoa. Katika miaka hiyohiyo Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa Windows, na kazi hiyo ilifaa. Lakini ilifanyika kwa kuwa kampuni iliamua, na ingeliweza kuamua kinyume. Lugha yenye wasemaji wengi, kama Kiswahili, yaweza kungoja uamuzi wa namna hiyo kwa matumaini. Kwa Kimakonde, Kipokomo au Kihehe matumaini hayo ni haba. Ikiwa mlango umefungwa na mwenye ufunguo haoni faida, msemaji wa lugha hizo hana la kufanya hata akiwa na ujuzi wote.

Lakini haifai kusahau funzo la vibao vya mwaka 2002. Leseni ya wazi haitafsiri maneno yenyewe, wala haimfundishi mtoto. Jambo OpenOffice ilihitaji watu waliokaa wakashauriana juu ya istilahi. Uwazi uliwapa ruhusa; kazi ilibaki yao.

Kwa hiyo shule, wizara au mzazi anaponunua kishikwambi, bei, uzito na ung'avu wa kioo si maswali pekee ya kuuliza. Kuna matatu yatokanayo na historia hii. La kwanza, je, mwalimu akitunga somo lake, ataweza kuliweka humo bila kuomba idhini ya mtu aliye mbali? La pili, je, kampuni ikikiacha chombo hiki baada ya miaka minne, patakuwapo mtu mwingine mwenye haki na uwezo wa kukitunza? La tatu, je, mtoto atakayekishika atajifunza kugusa tu yale aliyoandaliwa, au atapata nafasi ya kukiandikia jambo ambalo aliyekitengeneza hakuliwaza? Mtoto wa chuoni hakuulizwa maswali haya, kwa kuwa ubao wake haukuwa na mlango wa kufungwa. Wa leo unao, na majibu hutolewa siku ya kutia saini ya ununuzi, mara nyingi kabla ya mwalimu kuonyeshwa chombo chenyewe.